Wamishenari wa Kabiria Watahubiri kwa Lugha Gani?

Jumapili moja ya hivi karibuni nilialikwa na jirani kuhudhuria ibada katika kanisa moja la mabati huku kwetu Kabiria, kando ya barabara itokayo Satellite kuelekea Waithaka. Sitalitaja jina, maana ninalotaka kulisema halilihusu kanisa hilo peke yake, na waumini wake walinipokea kwa ukarimu nisioweza kuulipa kwa kuwaanika gazetini. Mahubiri yalitolewa kwa Kiingereza. Ubavuni mwa mhubiri alisimama mkalimani, kijana mwenye sauti nene na koti lililompwaya, akimfuata hatua kwa hatua na kuyageuza maneno yake kuwa Kiswahili. Mhubiri ni mzaliwa wa Kiambu. Mkalimani, kwa matamshi yake, nilimkisia kuwa mtu wa Kakamega. Waumini walikuwa mafundi, wachuuzi wa mboga, walinzi wa usiku, yaya na wanafunzi. Sidhani kama palikuwa na mmoja kati yetu asiyejua Kiswahili, akiwemo mhubiri mwenyewe, ambaye baada ya ibada alinipa mkono na kunijulia hali kwa Kiswahili kisicho na doa.

Katikati ya mahubiri mkalimani aliteleza. Mhubiri alitamka neno la Kiingereza ambalo katika Biblia ya Kiswahili ni neema, na yule kijana, kwa haraka ya kazi, akasema, "Tumeokolewa kwa bahati." Mama mmoja mzee aliyeketi kando yangu, leso mabegani, alinong'ona bila kuinua kichwa: "Neema, mwanangu. Neema."

Kabla ya kufumukana tulitangaziwa jambo. Kanisa lilikuwa limeanza kuchanga fedha za kuwatuma vijana wawili Haiti kama wamishenari. Tangu askari wetu wa kwanza walipotua Port-au-Prince tarehe 25 Juni, 2024, nchi hiyo ya Karibi imekuwa ikitajwa mara kwa mara katika maombi ya mtaani kwetu, na si ajabu kwamba huruma hiyo hatimaye imezaa kikapu cha sadaka. Nami nilitoa nilichokuwa nacho. Kisha, kwa kuwa mazoea ya kazi hayamwachi mtu hata kanisani, nilimwendea mwenyekiti wa vijana nikamwuliza watahubiri kwa lugha gani huko waendako. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Kwa Kiingereza, Daktari. Wakalimani hawakosekani."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sina ugomvi na nia ya vijana hao, wala si kazi yangu kumpimia mtu imani yake. Ninalodai ni jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa isimu anaweza kulichunguza mwenyewe katika historia yetu: Ukristo uliota mizizi Afrika Mashariki pale ambapo aliyeuleta alikubali kwanza kuwa mwanafunzi wa lugha, tena mwanafunzi wa watu wale wale aliokuja kuwafundisha. Pale alipokataa, au alipochelewa, alituachia kuta tu.

Tuanze na kuta zenyewe. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu katika kisiwa cha Mombasa, na watawa wa Mtakatifu Agustino wakaweka makao yao humo mjini. Walibatiza watu, walioa na kuozesha, walisomesha. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, walimpeleka Goa akiwa mtoto, wakamlea, wakambatiza Jerónimo na kumrejesha nyumbani kuwa mfalme Mkristo. Agosti 1631 mfalme huyo aliigeukia ngome, akaurejelea Uislamu, na Wareno pamoja na Waafrika waliokuwa wamebatizwa wakauawa. Wareno walirudi baadaye, wakakaa hadi Waomani walipowang'oa mwaka 1698 baada ya kuwazingira kwa zaidi ya miaka miwili. Karne mbili nzima tangu jahazi la kwanza! Wala hawakuacha Biblia ya Kiswahili, wala jumuiya ya Wakristo Waswahili iliyodumu baada yao.

Waliacha maneno. Meza ni yao, na mvinyo, na padri, na hata hiyo leso aliyojitanda yule mama wa Kabiria. Lakini neno linalonisimamisha kila ninapolifundisha ni gereza. Wataalamu wengi wa etimolojia wanalitoa katika neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Wenyeji waliliona jengo ambalo wageni walisalia ndani yake, wakaliona pia kuwa na mizinga juu ya kuta zake, na neno likahama kutoka kanisa hadi ngome. Waingereza walipoifanya Ngome ya Yesu kuwa jela mwaka 1895, safari ya neno ilikuwa imekamilika. Wanafunzi wangu hucheka nikifika hapo, nami huwaacha wacheke kwanza.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alitua Zanzibar mwezi Januari 1844. Sayyid Said bin Sultan alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, na mwezi Mei Krapf akafika Mombasa. Mwezi Julai alimzika mkewe Rosine, kisha kitoto chao kichanga, ilhali yeye mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Mtu mwingine angepanda meli ya kwanza ya kurudi kwao. Yeye alikuwa tayari amekwisha kuanza, mwezi Juni, kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, lugha aliyokuwa ameisikia kwa miezi michache tu! Tafsiri ya papara, bila shaka. Nimezisoma sura zile tatu za kwanza, zilizochapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa mambo ya Mashariki, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeweza kuzisahihisha. Lakini hakuifanya peke yake. Aliketi na kadhi wa Mombasa akauliza, akaandika, akakosolewa. Mmishenari wa Kikristo alifundishwa na kadhi wa Kiislamu namna ya kulisema Neno lake! Sijui kama ukarimu huo wa kielimu ungewezekana leo.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai. Kwa hesabu ya ubatizo Krapf alishindwa: alipoondoka mwaka 1853, waliobatizwa wangehesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hesabu nyingine aliacha sarufi, iliyotoka mwaka 1850, na kamusi kubwa iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kila aliyekuja nyuma yake alianzia hapo.

Kule Zanzibar Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika mwaka 1864. Kabla ya kujivunia mahubiri yoyote alikusanya hadithi za watu. Kitabu chake cha hadithi za Kiswahili na kile cha sarufi vyote vilitoka mwaka 1870, na katika dibaji ya hicho cha sarufi anamtaja Sheikh Abdulaziz, mwanachuoni wa Kiislamu, aliyejitolea kumgeuzia Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili safi. Kanisa kuu alilolijenga Steere kuanzia mwaka 1873 lilisimama palipokuwa soko la watumwa, na yeye mwenyewe akazikwa humo, nyuma ya altare, mwaka 1882. Watalii hupelekwa kuiona altare na kuambiwa habari za nguzo ya kuchapia watumwa. Laiti wangeonyeshwa pia mashine ya kuchapa! Steere aliwafundisha vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa kazi ya kupanga herufi, na mikono hiyo ndiyo iliyotoa kurasa za mwanzo za Maandiko kwa lugha ya Unguja. Biblia nzima ikapatikana mwaka 1891.

Sasa mwalimu anayesoma makala haya na afungue ukurasa wowote wa Biblia hiyo, au wa ile ya Union iliyoirithi mwaka 1952, awaulize wanafunzi wake maneno yametoka wapi. Imani, dhambi, toba, rehema, neema, malaika, Injili, Zaburi, msalaba, kanisa, askofu, kasisi: yote yalitufikia kwa mlango wa Kiarabu. Mungu, Mwokozi, wokovu, utukufu, mtakatifu, mchungaji: hayo ni ya Kibantu, yametoka katika vitenzi ambavyo mama alivitumia jikoni na mchungaji malishoni. Kutakata ni kuwa safi, ndipo pakawa na mtakatifu. Kuokoa ni kumtoa mtu majini au motoni, ndipo pakawa na Mwokozi. Hakuna kamati iliyokaa London ikayabuni haya. Watafsiri waliyakuta midomoni mwa watu waliokuwa wakisali kwa karne nyingi, ingawa walisali misikitini, na walikuwa na busara ya kuyaomba. Neema ni moja ya maneno hayo. Lilichaguliwa kwa sababu Mswahili alijua tayari maana yake: kipawa atoacho Mungu bila kudaiwa. Bahati, ambalo nalo asili yake ni Uajemi kupitia Uarabuni, ni neno la mcheza kamari. Yule mama alilijua hilo bila shahada yoyote.

Isidhaniwe kwamba nawapamba wazungu hawa. Waligombana vibaya juu ya lugha isiyokuwa yao. CMS ya Mombasa ilishikilia Kimvita, lahaja ya Muyaka na ya washairi, na mtaalamu wao William Taylor alikizama Kimvita kiasi cha kuyaokoa mashairi ya Muyaka yasipotee, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Biblia ya Kimvita ilitoka mwaka 1914. Lakini mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha. Wenzangu wa Mombasa bado wana kinyongo, na nawaelewa. Kuna maneno matamu ya Kimvita ambayo mtoto wa Kabiria hatayasikia kamwe kwa sababu ya uamuzi ule.

Wala wazungu hawakuwa peke yao, ingawa vitabu vya historia tulivyosomea vilituachia picha hiyo. Mwaka 1875 ilianzishwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kikawaunganisha. Kutoka huko na Rabai walitoka walimu, wapishi, wapagazi na makatekista walioandamana na misheni kuingia bara. William Jones, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, alipewa ushemasi mwaka 1885, na mwaka huo huo akaandamana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones ndiye aliyeurudisha msafara uliosalia hadi Rabai. Hannington ni shahidi ambaye jina lake limeandikwa kila mahali. Jones je? Nimewauliza wanafunzi wa vyuo vya ualimu mara nyingi. Hupata mmoja, wakati mwingine wawili, waliopata kumsikia.

Huku kwetu magharibi mwa Nairobi hadithi ni tofauti kidogo. Kutoka Kabiria hadi Thogoto ni mwendo ambao mtu mwenye afya anaweza kuukata kwa miguu. Misheni ya Waskoti ilihamia upande huo mwaka 1898 kutoka Kibwezi, na mwaka uliofuata mapadri wa Roho Mtakatifu, waliokuwa na uzoefu wa miaka mingi Zanzibar na Bagamoyo, wakafungua St. Austin's. Kiswahili kilikuwa lugha ya msafara na ya reli. Lugha ya kanisa ikawa Gĩkũyũ. Agano Jipya kwa lugha hiyo lilikamilika mwaka 1926, na miaka mitatu tu baadaye lilikuwa limewageukia wenye kulitafsiri.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha kwamba neno likishatolewa si mali ya aliyelitoa. Mwaka 1929 misheni zilipowataka waumini waape kuikataa tohara ya wasichana, wapo waliojibu kwa kulifungua Agano Jipya lenyewe. Bikira Maria ameitwa humo mũirĩtu, na kwa desturi ya Wagĩkũyũ mũirĩtu ni msichana aliyekwisha kutahiriwa! Basi misheni inakataza nini? Nisieleweke vibaya: tohara hiyo ni madhara kwa mtoto wa kike, na sheria yetu ya mwaka 2011 imeipiga marufuku kwa haki kabisa. Nasema juu ya lugha. Watafsiri walichagua neno bila kuijua nyumba nzima ambamo neno hilo lilikaa, na mabishano hayo yakawa miongoni mwa mambo yaliyozaa makanisa na shule huru za Wagĩkũyũ, ambazo athari yake katika siasa za nchi hii haihitaji maelezo yangu.

Makanisa yalikua. Kufikia mwaka 1971 John Gatu, katibu mkuu wa PCEA, yaani kanisa lile lile lililozaliwa Thogoto, alisimama mbele ya Wamarekani katika jiji la Milwaukee akawaambia kwamba wakati umefika wamishenari warudi kwao, ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama kwa miguu yake. Wenyeji wake walishtuka. Baadhi ya wazee wa hapa nyumbani walishtuka zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 85.5 ya Wakenya ni Wakristo. Haishangazi basi kwamba kanisa la mabati la Kabiria linajiona sasa kuwa mtumaji, wala si mpokeaji. Gatu, nadhani, angefurahi. Lakini pia angeuliza tumejifunza nini kutoka kwa wale tuliowaaga.

Mimi naona tumejifunza jambo moja walilolifanya vibaya na kulisahau moja walilolifanya vyema. Tumerithi heshima ya Kiingereza. Mhubiri wa Kabiria hahubiri kwa Kiingereza ili aeleweke. Anahubiri hivyo ili aonekane. Kiingereza ni suti, na mkalimani ni tai yake. Anayemtazama mhubiri wa Lagos au wa Marekani kwenye runinga na kwenye simu kila siku huanza kuamini kwamba Roho hushuka kwa lafudhi fulani. Hapo sisi walimu hatuwezi kunawa mikono. Katika shule ya msingi niliyosoma palikuwa na kibao cha mti kilichotungwa kwenye uzi, na mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivikwa shingoni hadi atakapomnasa mwenzake. Mimi nilikivaa siku tatu mfululizo, na siku ya nne nikamsaliti rafiki yangu ili nikivue. Mtoto aliyefundishwa hivyo, akipewa mimbari, atahubiri kwa lugha gani?

Sasa turudi Haiti, maana kikapu cha sadaka bado kinapitishwa.

Nchi hiyo inagawana kisiwa cha Hispaniola na Jamhuri ya Dominika. Chini ya Ufaransa iliitwa Saint-Domingue, na sheria ya mfalme ya mwaka 1685 iliagiza kila mtumwa abatizwe Mkatoliki. Wakabatizwa, wasifundishwe. Wengi wao, hasa katika miaka ya mwisho ya ukoloni, walitoka Kongo, watu wa lugha za Kibantu kama sisi. Wengine walitolewa pwani ya Msumbiji. Ni wazi basi kwamba kijana wa Kabiria anayekwenda Haiti haendi kwa wageni kabisa. Watumwa hao waliasi mwaka 1791, wakaushinda jeshi la Napoleon, wakatangaza uhuru tarehe 1 Januari, 1804. Vatikani haikutia saini mapatano na dola hiyo hadi mwaka 1860. Kwa zaidi ya nusu karne watu walijisalia wenyewe, wakichanganya watakatifu wa Kanisa na mizimu ya mababu katika dini yao ya Vodou. Mapadri wa Kifaransa walipokuja baada ya mapatano, walikuja na Kifaransa, wakajenga shule za Kifaransa, ilhali umma ulisema Kikrioli, lugha iliyozaliwa mashambani mwa miwa, msamiati wake mwingi ukiwa wa Kifaransa na sarufi yake ikiwa yake yenyewe. Kilichofuata twaweza kukikisia. Mwaka 1941 na 1942 Kanisa liliendesha kampeni ya kuchoma ngoma na vifaa vya Vodou. Ni vigumu kumshawishi mtu kwa lugha asiyoielewa, na ni rahisi zaidi kuichoma ngoma yake.

Walikuwapo wengine. James Theodore Holly, Mmarekani mweusi, aliwaongoza wahamiaji wapatao mia moja na ushei kutoka Marekani hadi Haiti mwaka 1861, akazika wengi wao kwa homa, naye akakaa. Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Haiti. Katika miaka ya 1940 mmishenari wa Kimethodisti, Ormonde McConnell kutoka Ireland ya Kaskazini, alifanya kwa Kikrioli kitu kinachofanana na alichofanya Krapf kwa Kiswahili: aliitafutia lugha hiyo tahajia iliyofuata sauti zake, ili mkulima aweze kujifunza kusoma kile anachokisema. Wasomi wa Port-au-Prince walimkebehi. Kifaransa kilichovunjika kitaandikwaje, waliuliza. Lakini Biblia nzima ya Kikrioli ilipatikana mwaka 1985, na katiba ya mwaka 1987 ikakifanya Kikrioli kuwa lugha rasmi sambamba na Kifaransa. Karibu kila Mhaiti hukisema. Kifaransa ni cha wachache, na Kiingereza ni cha wachache zaidi.

Katika nchi ya namna hiyo vijana wetu wawili watateremka wakiwa na Kiingereza na tumaini la mkalimani. Nani atakuwa mkalimani huyo? Hapana budi awe mtu aliyesoma, mtu wa mjini, mtu wa tabaka ambalo mkulima wa milimani amekwisha kulizoea kuwa ndilo linalosema kwa niaba yake. Neema ikigeuzwa bahati huko, ni mama gani atakayenong'ona, na ni nani kati ya vijana wetu atakayemsikia?

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba Roho hahitaji sarufi. Ningekubali, kama isingekuwa habari ya Pentekoste yenyewe, ambamo kila msikilizaji alisikia lugha ya kwao alikozaliwa, wala si lugha ya liwali wa Kirumi. Nitaambiwa pia kwamba Haiti ina njaa na bunduki, na kwamba mahitaji ya namna hiyo hayangoji mtu ahitimu somo la lugha. Hoja hii ni nzito zaidi, nami sitaipuuza. Mkate hauhitaji tafsiri. Lakini kanisa la Kabiria halikutangaza kwamba linapeleka mkate. Lilitangaza kwamba linapeleka Neno, na Neno halina namna nyingine ya kufika isipokuwa kwa maneno. Mtu haendi kuchimba kisima cha watu akiwa hana jembe.

Rai yangu ni nyepesi kuliko safari yenyewe. Fedha zilizochangwa zitumike kwanza kuwakalisha vijana hao na mwalimu wa Kikrioli kwa mwaka mzima, na mwalimu akikosekana Nairobi, watangulie kwenda kusikiliza tu, bila mimbari, kama Krapf alivyokaa na kadhi. Na katika mwaka huo mkalimani wa Kabiria apumzishwe. Mhubiri ahubiri kwa Kiswahili anachokijua. Asiyeweza kuwaambia majirani zake neno la Mungu kwa lugha wanayonunulia sukuma wiki atakuwa na la kuwaambia Wahaiti kweli?

Jumamosi iliyofuata yule mwenyekiti wa vijana alinijia nyumbani. Nilidhani amekuja kunilaumu. Alikuja na daftari. Alikuwa amekwisha kujitafutia maneno kadhaa ya Kikrioli na kuyaandika kwa mwandiko wa makini, matamshi kandoni kwa herufi za Kiswahili, akataka nimsahihishe. Nilimsahihisha machache niliyoyaweza. Kisha akaniuliza kama chuo kikuu ninakofundisha kina somo la Kikrioli, japo la jioni. Nilimwambia hakuna. Akauliza kipo nini. Nikamtajia Kifaransa, Kijerumani, Kichina. Aliyaandika yote matatu kwa mpangilio huo huo, akapiga mstari chini yake, akaniuliza tuanzie wapi.